Ng'ombe Wanaokunywa Baharini

Dodoma, 5 Machi 1911

Kwa dada yangu Loisi, mke wa Mwalimu Seth, Kongwa.

Shikamoo dada. Mimi mzima, na kama ungeniona ungesema nimezidi uzima, maana mkanda nimeutoboa tundu jingine. Msalimie shemeji Seth, msalimie Baba huko kwenye ng'ombe wake. Na Shangazi Nyemo mwambie meno yangu yote yapo, kwa kuwa aliapa kwamba gari la moshi lingeyatikisa mpaka yadondoke.

Kazi nimepata. Niko ghala la mizigo hapa stesheni, naandika namba kwenye magunia kwa rangi nyeusi. Karani mkuu, Bwana Abbasi, mtu wa pwani hasa, husema mwandiko wangu ni mzuri kuliko wake, ingawa husema hivyo tukiwa wawili tu. Mji unakua upesi. Watu wanasema mwaka juzi hapa palikuwa na mbuzi, na sasa pana boma, pana maduka ya Wahindi, pana mafundi cherehani wawili ambao hawasemeshani.

Naandika Kiswahili, nawe nijibu Kiswahili, tusije tukasahau tuliyofundishwa shuleni. Na juu ya bahasha usiandike jina langu. Andika: Hasani, Ghala la Mizigo, Stesheni ya Dodoma. Huyo ni rafiki yangu ambaye hunipokelea barua, kwa sababu mimi nina kazi nyingi.

Nimenunua kofia nyeupe ya kufuma. Inanipendeza sana na siivui.

Tena yuko binti anayeuza asali, jina lake Zaitun. Simjui sana. Nimemtaja tu kwa kuwa wino umebaki.

Mimi nduguyo,
Filipo


Kongwa, 2 Aprili 1911

Umbu langu Filipo,

Marahaba, na mbukwa yetu ya Kigogo juu yake, maana salamu ya Kiswahili peke yake hainishibishi. Kabla sijafika kwako, naomba nimsalimie rafiki yako Hasani, kwa kuwa ndiye atakayefungua bahasha hii. Hasani, hujambo kaka? Mbukwa na wewe. Tunakushukuru kwa kumpokelea ndugu yetu barua zake, kwani inaonekana Dodoma kuna kazi nyingi mno kwa yule na hakuna kabisa kwako, ingawa mko ghala moja.

Huku mvua imenyesha ya kutosha na uwele umesimama vizuri. Seth amefundisha mpaka sauti imemkauka, kwa hiyo nyumbani kuna utulivu. Shangazi Nyemo amemkaangia Hasani karanga, kibaba kizima, nimezifunga pamoja na barua hii. Wewe hakukutumia kitu. Amesema wewe ni wetu, utavumilia. Anataka kujua kama Hasani ameoa, kwao ni wapi, anasali wapi, na kama mama yake bado hai, ili amwombee kwa jina. Amekwisha anza kumwombea, kila jioni, kabla ya mgonjwa yeyote tuliye naye.

Baba hajambo. Anauliza hilo gari la moshi likichoka hulalia ubavu gani. Bado anakaa kule bondeni na mifugo, na udongo wake mwekundu kichwani, na hereni zake, wala hataki kuhamia huku karibu na misheni. Mimi nami simlazimishi.

Kuhusu binti wa asali ambaye humjui sana, nimefurahi kwamba wino ulibaki. Ukibaki tena, niandikie ana umri gani, na kama anacheka kwa sauti. Mtu asiyecheka kwa sauti hataweza kukaa na Shangazi.

Ni mimi dada yako,
Loisi


Dodoma, 30 Aprili 1911

Dada Loisi, shikamoo.

Natumaini Seth ameipata sauti yake. Hasani anashukuru kwa karanga. Amezila zote siku moja, akaumwa tumbo, lakini anashukuru. Mama yake alikwisha fariki, kwa hiyo mwambie Shangazi asihangaike na jina.

Zaitun anacheka kwa sauti, na umri wake ni wa kuolewa. Akicheka, wateja wa asali wanasahau walichofuata, na mimi nimesahau gunia zima la mtama juani kwa sababu hiyo. Dada, sitazunguka. Nampenda, naye hajanikataa. Nimekwenda kwa baba yake, Mzee Halfani, mfanyabiashara wa asali na nta. Ni mtu wa Pangani, mstaarabu kabisa, anavaa kanzu hata siku ya kubeba mitungi. Amenisikiliza vizuri. Ila amesema hatanipa binti kabla hajaona jamaa zangu wamekuja wamekaa chini wamesema naye. Nimemjibu kwamba jamaa zangu wako mbali. Ni kweli, Kongwa si karibu.

Basi nakuandikia ili mjue kwamba msije. Mabehewa yamejaa magunia, watu wanakaa juu ya chuma cha moto, kuna ndui, tena karibu na Kikombo yuko simba anayejua saa za gari. Nitatafuta namna nyingine.

Huku ni pagumu kidogo, dada. Mtu asiye wa pwani huitwa mshenzi hata akiwa amevaa viatu. Juzi alikuja Mgogo mmoja kuuza mbuzi, watu wakamzunguka wakamwuliza kama gogo hili ni la kupikia au la kukalia. Watu wengi walicheka. Mimi nilikuwepo. Sikumbuki kama na mimi nilicheka.

Wasalimie wote, na Baba zaidi.

Filipo


Kongwa, 28 Mei 1911

Filipo,

Mbukwa. Sisi wazima, ng'ombe wazima, Seth amepata sauti, bahati mbaya. Leo salamu ni fupi kwa sababu nimejaa habari mpaka kooni.

Alhamisi alipita hapa Mnyamwezi anayeitwa Yahaya, ana mizigo ya misheni kutoka stesheni ya Gulwe. Aliingia uani bila hodi, akaniita kisiki, akadai kuku kwa haki ya utani wa Wanyamwezi na Wagogo, nami nikamwambia kuku wetu hawaliwi na watu waliozoea kula vumbi la njiani. Tulipokwisha kutukanana vizuri nikampa uji, naye akaanza kutusimulia habari za Dodoma. Alisema jambo lililomfurahisha kuliko yote mwaka huu alilisikia kwenye baraza la Mzee Halfani, muuza asali.

Walikuwa wamekaa watu watatu wanakunywa kahawa, Yahaya amesimama anapakua mitungi. Karani Abbasi alikuwa anamhojihoji kijana mmoja wa ghalani aitwaye Hasani, anayejiita mtu wa Bagamoyo. Akamwuliza kama kwao Bagamoyo wana mifugo. Hasani akajibu kwa madaha, "Ng'ombe wetu ni wengi sana. Asubuhi tunawateremsha wote, wanakunywa baharini mpaka matumbo yanajaa."

Yahaya anasema karani aliweka kikombe chini polepole. Lakini kabla hajasema neno, Mzee Halfani, yule mstaarabu wa Pangani, aliinamisha kichwa kwa heshima akasema, "Hata kwetu Pangani ndivyo. Ila sisi hutanguliza mbuzi."

Nitakuambia kweli, umbu langu, mimi nilikaa nikisubiri kichekesho kifike. Sikuona kosa liko wapi. Maji ni maji, ng'ombe ni ng'ombe. Yahaya ndiye aliyenieleza, yeye amefika pwani mara nne na pembe za ndovu begani, kwamba maji yale ni chumvi tupu, na ng'ombe akiyanywa hivyo atakufa kabla hajageuka. Hapo ndipo nilipocheka mpaka nikashikilia mtwangio. Shangazi alicheka akakaa juu ya kuku ambaye tulikuwa tumemkatalia Yahaya, ikabidi tumpe.

Halafu nikamwuliza Yahaya huyo Hasani yukoje. Akasema ni kijana mrefu, mwandiko mzuri, akicheka hupiga paja la mtu wa pembeni, na kofia ameivuta mpaka kwenye nyusi wakati wote, hata kwenye joto la mchana. Watu wanadhani ana kidonda. Mimi najua alichonacho. Ana ndonye, ile alama ya mviringo ya paji la uso aliyowekewa pamoja nami siku moja, alilia yeye peke yake.

Kwa hiyo, Hasani, salamu zangu zote nazidai zirudi. Na karanga pia.

Nimecheka siku mbili, Filipo, na ya tatu nimelia. Binti wa watu apende asali yake, wewe penda binti, sina neno. Lakini umesema mama yako amekufa, na ni kweli amekufa, ukamfanya wa Bagamoyo. Na Baba aliye hai umemfanyaje? Umemzamisha wapi?

Tunakuja. Tukimaliza kuvuna na kupiga uwele, tunakuja kuzungumza na Mzee Halfani, kama alivyotaka. Shangazi amekwisha toa ngoma zake nje kuzianika. Mpaka sasa tumefika watu kumi na wanne, na wengine wanaulizia nafasi. Huyo simba wa Kikombo mwambie aandae saa yake.

Loisi


Kongwa, 9 Julai 1911

Umbu langu,

Wiki sita hakuna barua. Umenuna. Nakujua ukinuna, unakaa unachora ardhini kwa kijiti, na sasa ni magunia ya watu unayochora.

Huku sote wazima. Uwele tumeuvuna, umejaa maghala mawili. Shangazi amegombana na mtani mwingine wa Kinyamwezi na wamefurahi wote wawili. Mimi miguu imevimba kidogo, si kitu cha kuandika.

Nilikukaripia kama mwalimu, kwa kuwa nalala na mwalimu. Leo nataka nikuambie jambo ambalo hata Seth sijamwambia.

Desemba walikuja wageni wa misheni kutoka mbali, wanawake wawili wa Kizungu na wazee wa kanisa. Niliambiwa niwapikie. Nilivaa gauni la samawi, nikafagia ua mara tatu. Nikiwa namimina chai, Baba akatokea mlangoni, amekuja kuniletea maziwa, na udongo wake, na ngozi yake, na zile hereni, ananukia ng'ombe. Mgeni mmoja akaniuliza kwa Kiswahili, kwa tabasamu, huyu mzee ni nani.

Nikasema, "Ni mchungaji wetu wa ng'ombe."

Baba Kiswahili anakijua kidogo, unajua. Aliweka kibuyu chini. Wageni walipotaka kuondoka walikuwa na masanduku mazito, na Baba akayabeba mpaka njia panda, kama mchungaji wa ng'ombe. Jioni hakurudi kunywa uji kwetu. Na toka siku ile haniulizi habari za kuhamia huku, wala mimi simwambii. Nilikuandikia kwamba simlazimishi. Sasa unajua sababu.

Nimelifikiria sana hili neno mshenzi. Kila mtu ana wake. Mtu wa pwani anao wa bara, wa Dodoma mjini anao wa vijijini, na sisi tuliobatizwa hapa Kongwa tunao wale wa bondeni wasiojua kusoma. Neno linashuka kama maji ya mvua, kila mmoja anamsukumia aliye chini, na kule chini kabisa amesimama baba yako na baba yangu na kibuyu cha maziwa. Mungu aliyemwumba hakuona haya, Filipo. Nani kaniambia mimi nione?

Basi sikuandikii nikiwa juu. Nakuandikia nikiwa pale pale ulipo. Jibu, hata kama ni mstari mmoja wa matusi.

Dada yako,
Loisi


Dodoma, 6 Agosti 1911

Shikamoo dada.

Nimeisoma barua yako nyuma ya magunia, na Bwana Abbasi akaniona macho mekundu. Nikamwambia ni pilipili. Ghala lina mtama na nta, lakini hakubisha.

Sikuwa nimenuna. Nilikuwa naogopa. Tangu siku ile ya baraza nilijua Abbasi amenigundua, lakini hakusema, na hilo lilinikera kuliko kama angesema. Alikuwa ananiuliza tu kila asubuhi, bahari imeamkaje. Nami nilikuwa najibu, imeamka salama.

Niliposoma habari ya Baba na masanduku, sikuweza kula mchana. Nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Halfani. Alikuwa peke yake, anachuja asali. Sikuketi. Nilivua kofia nikamwonyesha paji la uso, nikasema naitwa Filipo, mwana wa Chedego, Mgogo wa Kongwa, bahari sijaiona hata kwenye picha, na kama hunipi binti sitakulaumu, ila nimechoka kuvaa kofia kwenye joto.

Mzee alinitazama mimi tu. Asali ikawa inamwagika nje ya mtungi wala hakuiona. Kisha akainuka, akafunga mlango wa mbele, akarudi akakaa. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kweli ng'ombe hawanywi?"

Nikamwambia ni chumvi tupu, dada yangu ameambiwa na mtu aliyeonja.

Dada, mzee wa watu alishika kichwa. Yeye ni Mrangi wa milima ya Kondoa, karibu na Kolo, na hata Zaitun amezaliwa huko. Alipoingia mjini alisikia watu wa bara wanavyoitwa, akachagua Pangani kwa sababu mtu aliyemwuzia kanzu alitoka Pangani. Miaka miwili hajalala vizuri. Siku ile ya baraza, alipomsikia Hasani, yaani mimi, nikitaja ng'ombe na bahari, alifurahi kupata jambo la kusema. Alidhani mimi ndiye Mswahili wa kweli na alikuwa ananiogopa. Alinitaka nilete jamaa zangu akitumaini kwamba wasingekuja mbali hivi toka pwani, nami ningekwenda zangu bila yeye kujulikana. Tulicheka dada, mpaka Zaitun akaja kugonga mlango akidhani tumelewa asali. Yeye alikuwa anajua yote, ya kwangu na ya baba yake. Anasema alikuwa anangoja aone nani atachoka kwanza.

Kuna jambo zito zaidi, na hili nalisema bila mzaha. Ijumaa nimekuwa nikienda msikitini na Mzee Halfani. Nilianza kwa ajili ya kofia, ili nifanane na wengine. Lakini nimeanza kupapenda. Pale mtu anayefagia stesheni na karani mkuu wanasimama bega kwa bega, na anapoinama huyu na yule anainama. Nilimwambia mzee nataka kusilimu. Badala ya kufurahi akaniuliza, "Unasilimu kwa Mungu au kwa Zaitun?"

Nikasema sijui. Akasema basi ningoje. Ramadhani inakaribia, nifunge pamoja nao, nijiulize kila siku nikiwa na njaa, kwa maana mtu mwenye njaa hana nguvu ya kujidanganya. Idi ikifika nimpe jibu. Likiwa la Zaitun peke yake, hanipi shahada wala binti.

Sijui wewe na Seth mtalipokeaje. Wewe ndiye uliyenifundisha Baba Yetu, nikiwa mgongoni mwako. Niambie ukweli, hata kama unauma.

Nduguyo,
Filipo


Kongwa, 3 Septemba 1911

Umbu langu Filipo,

Mbukwa. Wazima wote. Habari ya Mzee Halfani nimeisoma kwa sauti uani, na Shangazi amedai irudiwe mara tatu, na mara ya tatu alikuwa anaigiza mzee mwenyewe na mtungi. Amesema watu wawili wanaoogopana kwa uongo mmoja wamekwisha kuwa ndugu, kilichobaki ni posho ya njiani.

Ile sehemu ya mwisho sikuisoma uani.

Nilikasirika siku mbili. Nilimwambia Seth kwamba nimekupoteza, nikampigia sufuria kelele siku nzima kana kwamba yeye ndiye aliyekusilimisha. Jumapili nilikwenda kanisani kukushtaki kwa Bwana. Nikapiga magoti, nikaanza, na kila nilipotaka kusema jina lako nilikuwa naona kibuyu cha maziwa. Nikaona kwamba mimi nilikuwa Mkristo safi kabisa siku ile nilipomkana Baba, nilikuwa nimeimba tenzi zote asubuhi. Kwa hiyo kilichokosekana hakikuwa dini.

Ukweli ulioutaka ni huu. Jambo hili linaniuma, na litaendelea kuniuma, nisikudanganye. Mimi nina Yesu wangu na simwachi, na nitakuombea kwake kila siku. Wewe ukienda kwa njia hiyo nyingine, uniombee huko. Mungu atajua mwenyewe sala zetu azipokeaje. Lakini usipige magoti ukiwa mtu wa Bagamoyo. Nenda mbele zake ukiwa mwana wa Chedego, au usiende. Sitaki kitu kingine kwako.

Nami nimefanya langu. Nilishuka bondeni kwa Baba, jua likiwa kali, nikamsaidia kukamua. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya toba. Nilipoanza tu, akasema ndama mwekundu ana kupe, nimshike sikio. Nikamshika. Nikamaliza maneno yangu nikiwa nimeshika sikio la ndama. Baba aliniuliza tu kama ni kweli mdogo wangu anaoa, na kama huko kuna majani.

Anakuja, Filipo. Anapanda gari la moshi. Ameuliza tena linalalia ubavu gani.

Watakuwa watu ishirini na mmoja. Watatembea siku mbili mpaka Gulwe na watafika kwenu Jumatatu ya kwanza baada ya Idi. Shangazi atawaongoza, na ngoma za muheme nne, na njuga miguuni, na udongo wameukoroga mtungi mzima. Nimemwomba apunguze. Ameongeza.

Mimi sitafika. Mtoto atazaliwa siku yoyote kuanzia sasa, na mkunga amenikataza hata kisimani. Nililificha kwa kuwa wawili nimewazika, na niliogopa kumtaja huyu kabla hajaja. Kwa hiyo utakuwa peke yako pale stesheni, mbele ya karani na wote wanaokufahamu kwa jina lile. Sitakuwepo kukukonyeza wala kukufinya. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi, zaidi ya mtoto.

Loisi


Dodoma, 8 Oktoba 1911

Kwa dada yangu Loisi, mama wa mtoto ambaye natumaini amekwisha fika na analia kwa sauti.

Shikamoo, na mbukwa. Shemeji Seth pongezi, na mkunga pongezi zaidi. Ukiisha kunyonyesha, kaa vizuri, barua ni ndefu.

Nianze na yaliyokwisha kuwa. Mazungumzo yamefanyika na yamepita. Mzee Halfani aliwapokea wageni akiwa na kanzu yake, lakini amekaa kwenye kigoda cha Kirangi alichokitoa uvunguni, na Abbasi alipouliza akaambiwa bila kusitasita ni cha kwao Kondoa. Arusi ni mwezi ujao. Zaitun na Shangazi walianza kucheka Jumatatu mchana na mpaka naandika hawajamaliza. Zaitun anajifunza muheme. Hajui, lakini anapiga kwa nguvu.

La pili. Nilifunga siku zote, na siku ya Idi nilimjibu Mzee Halfani kwamba hata kama Zaitun ataolewa kesho na mtu mwingine, Ijumaa nitakuwepo. Akalia. Jina langu msikitini ni Hasani Filipo, mwana wa Chedego, Mgogo, nami juzi Ijumaa nililitamka lote mbele ya watu. Najua limekuuma. Baba nilimweleza mwenyewe, naye huko Kongwa alikwisha wamwagia wazee wetu maziwa makaburini kwa ajili ya safari hii. Kwa hiyo arusi hii inaombewa kwa njia tatu, na isipodumu kosa litakuwa langu.

Sasa habari ya stesheni, ambayo nimeibakiza makusudi.

Gari liliingia saa tano. Kabla halijasimama tulisikia ngoma. Watu wote wakatoka, wachukuzi, makuli, askari, Wahindi wa madukani, na mafundi cherehani wale wawili wamesimama pamoja kwa kusahau. Mlango wa behewa ukafunguka na Shangazi akateremka kinyumenyume akicheza, mwekundu toka nywele hadi vidole. Wakafuata wote ishirini, njuga zinalia, mabega yanapanda na kushuka, vumbi limeinuka. Watu walicheka, dada. Walicheka vile vile walivyomcheka mwuza mbuzi. Mimi nilikuwa mlangoni mwa ghala na brashi ya rangi mkononi. Ningeweza kurudi ndani. Ghala lina mlango wa nyuma.

Wa mwisho kuteremka alikuwa Baba. Alikuwa amesimama kwenye ngazi ya behewa na ngozi yake na fimbo yake, anatazama chini, hajui aweke mguu wapi. Hakuna aliyemsaidia. Bwana Abbasi aliyekuwa karibu nami akasema kwa sauti, na kila mtu alimsikia, "Hasani, wewe ndiye unayeandika mizigo. Hawa washenzi ni wa nani?"

Nikaweka brashi chini. Nikapita katikati ya watu mpaka kwenye ngazi, nikampa Baba bega, akashuka. Nikageuka nikasema, "Wangu. Wote ni wangu. Na huyu ni baba yangu."

Ngoma zilikuwa zimenyamaza. Baba akaniuliza kwa Kigogo yule mtu amesema nini. Nikamwambia ameuliza ninyi ni wa nani. Akaniuliza mimi nimejibu nini. Nikamwambia.

Akasema hakusikia vizuri, nirudie.

Masikio ya Baba unayajua. Anasikia ndama akikohoa ng'ambo ya korongo. Nikarudia, kwa Kigogo na kwa Kiswahili, kwa sauti ya kuwafikia hata waliopanda juu ya mabehewa. Akasema bado. Nikarudia tena.

Mdogo wako,
Filipo